Jeni si jini: maswali ninayoulizwa kila nikirudi Malindi

Kila likizo nikishuka stejini Malindi, sijafika hata nyumbani Shela, nishaulizwa mara tatu "wewe huko chuo wasomesha nini haswa?" na nikijibu baiolojia ya mifumo na baiolojia sintetiki mtu aniangalia kama nimemsomea talasimu. Basi safari hii nimekaa nimeyaandika yote mahali pamoja, ya watoto wa fom foo, ya wazazi, ya wazee wa barazani na yale ya voisi za WhatsApp za saa sita usiku. Sijayapanga kwa ufundi wowote, nimeyaweka vile yalivyonijia.

Ni kweli wafuga majini?

Hili lilianza na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alimsikia mdogo wangu akisema nafanya kazi na jeni, yeye akasikia jini, na kufikia Ijumaa mtaa mzima ushajua kwamba mwana wa fulani ana majini kwenye friji Nairobi. Jamani, ni jeni. Jeni ni kipande cha maandishi ndani ya seli kinachoiambia seli itengeneze kitu fulani, mara nyingi protini, na maandishi yenyewe yana herufi nne tu, A, T, G na C, zimefuatana kwenye uzi mrefu unaitwa DNA. Binadamu ana herufi kama bilioni 3. Hamira ile ya kukandia mahamri ina kama milioni 12, na jeni kama 6,000. Kwenye friji yangu ya labu kuna hamira na bakteria basi, hata achari yangu iko friji ya ofisini manake chakula hakiruhusiwi kuingia labu.

Hiyo "mifumo" ndo nini sasa?

Wajua tangi la maji la juu ya nyumba, lile lina boya ndani. Maji yakipanda boya lapanda, likifika juu lafunga valvu, mtu akioga maji yashuka boya lashuka valvu yafunguka. Sasa ukilifungua hilo tangi ukazitoa valvu, boya, fimbo na mfereji ukaviweka chini kwenye mkeka kimoja kimoja, ukavisafisha, ukavipiga picha, ukaviandikia majina, bado huwezi kusema kwa nini tangi halifuriki. Kisichofurisha tangi hakimo ndani ya kipande chochote, kimo kwenye vile vipande vilivyoungana. Baiolojia tuliyosoma sisi shule ilikuwa ya mkekani, taja sehemu za seli, chora, weka lebo. Baiolojia ya mifumo inauliza vipande vinaambiana nini, nani anamzuia nani, nani anamsukuma nani, na ukivuta hapa kule kunatokea nini.

Mwili umejaa maboya. Ukila sukari yapanda kwenye damu, kongosho latoa insulini, sukari yashuka, insulini nayo yapungua. Mwenye kisukari boya lake limeharibika, au lipo lakini fimbo hailisikii, na hizo ni shida mbili tofauti na zataka dawa tofauti ingawa ukipima damu zote zaonekana "sukari iko juu". Hapo ndo utaona kwa nini mfumo wataka kusomwa kama mfumo.

Na si jambo la jana. Wafaransa wawili, Jacob na Monod, mwaka 1961 walieleza jinsi bakteria anavyoamua lini awashe jeni za kula sukari ya maziwa na lini azizime, wakapata Nobel 1965 pamoja na mwenzao Lwoff. Bakteria ukimpa sukari mbili, glukosi na ya maziwa, anamaliza kwanza ile glukosi, anakaa kidogo kama mtu aliyetoka karamuni anajinyoosha, halafu ndo anaanza ya maziwa. Hana ubongo huyo. Ana swichi tu.

Na sintetiki? Ni kama nailoni?

Jina ndo hilohilo lakini la, hapa maana yake ni ya kuunda. Wa mifumo anaifungua saa aone inavyokwenda. Wa sintetiki anajaribu kuunda saa yake aone kama kweli ameelewa, na ikikataa kwenda basi hakuelewa, mwisho wa maneno.

Na saa kweli iliundwa, sisemi kwa mfano. Mwaka 2000 jarida la Nature lilitoa kazi mbili kwa mpigo. Moja ya Gardner, Cantor na Collins, walitengeneza swichi ndani ya bakteria, ukiiwasha inakaa imewaka, ukiizima inakaa imezimika, kama swichi ya stima ukutani. Ya pili ya Elowitz na Leibler, hiyo ndo naipenda mimi. Walichukua jeni tatu wakazipanga ya kwanza imnyamazishe wa pili, wa pili amnyamazishe wa tatu, wa tatu amnyamazishe wa kwanza. Chukua watu watatu barazani, Ali akiongea Babu ananyamaza, Babu akinyamaza Chande anapata nafasi ya kuongea, Chande akiongea Ali anakatika, Ali akikatika Babu anaanza, na mambo yanazunguka hivyo bila mwisho. Wakafunga hapo protini inayotoa mwanga wa kijani, asili yake ni ya yavuyavu wa baharini, wakaweka bakteria chini ya hadubini na bakteria wakawa wanawaka wanazima, wanawaka wanazima, mzunguko mmoja kama saa mbili na nusu hivi. Bakteria wenyewe wanagawanyika haraka kuliko hapo, kwa hivyo nyanya anaanza mzunguko na mjukuu ndo anaumaliza.

Ile saa ilikuwa mbovu lakini. Kwa bakteria wengi haikwenda kabisa, na waliowaka kila mmoja alikuwa na mwendo wake. Hiyo sehemu watu hawapendi kuihadithia na mimi ndo ninayoanzia darasani.

Hivyo viumbe vyenu ni gani? Tumbili? Panya?

Wengi wetu twatumia hamira na bakteria anaitwa E. koli, ndugu zake wako tumboni mwako saa hii unaposoma. Aina za labu zimedhoofishwa, hazisumbui mtu. Tunampenda kwa sababu ana haraka, akiwa joto la digrii 37 na chakula kizuri anagawanyika kila dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: ukiweka mmoja saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri wako milioni mbili na ushee. Ndo maana mwanafunzi wangu akiniambia amesahau kuosha chupa jana sicheki.

Si kumwingilia Mungu kazi yake?

Naulizwa hili kwa upole na wazee na kwa ukali na vijana. Mimi si mwanazuoni, upande wa hukumu nenda kwa shekhe wako, au padri wako, mwenye elimu yake. Ninachoweza ni kukueleza kilichofanyika ili huko unakokwenda uulize kitu cha kweli.

Mwaka 2010 timu ya Craig Venter Marekani iliandika DNA nzima ya bakteria wa mbuzi kwa mashine, kama herufi milioni 1.08, wakaitia ndani ya seli ya bakteria mwengine, jamaa yake wa karibu, na ile seli ikaanza kuishi kwa maandishi mapya. Magazeti yakapiga kelele uhai umeumbwa. Tizama vizuri lakini: maandishi yalinakiliwa kutoka kwa kiumbe aliyekuwepo, na seli iliyoyapokea ilikuwepo pia, iko hai. Halafu 2016 wakapunguza, wakatoa kila jeni ambayo seli inaweza kuishi bila hiyo, wakabaki na jeni 473. Na katika hizo 473 ambazo bila hizo haiwezekani, 149 walikuwa hawajui zafanya kazi gani.

Nilimweleza hivi mzee mmoja hapa mtaani, akanyamaza, akanywa kahawa yake akaweka kikombe, akasema "kwa hivyo mmenakili barua na thuluthi ya maneno hamjui maana yake." Toka siku hiyo nalitumia darasani, na simlipi chochote.

Insulini si hutoka kwa nguruwe?

Zamani ndio, ilikuwa inatolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa, na kwa Waislamu wengi hapa pwani hilo lilikuwa jambo zito. Mwaka 1978 watafiti Marekani walitia jeni ya insulini ya binadamu ndani ya E. koli, bakteria akawa anaitengeneza, na 1982 ikaruhusiwa kuuzwa huko. Siku hizi insulini ya kawaida hutengenezwa na bakteria au na hamira. Basi ukiona bibi anajidunga asubuhi kabla ya chai, jua huenda kazi imefanywa na ndugu wa hamira ya kwenye mahamri yake, ambayo pia alikatazwa na daktari na anayala.

Yatusaidia nini na malaria?

Hapa nitakaa kidogo.

Vile vidonge vya AL, vya siku tatu, ile A yatokana na artemisini, dawa ya mmea. Aliyeitoa ni Mama Tu Youyou wa China, Nobel yake ya 2015. Mmea una taabu, wataka miezi shambani, mwaka mvua ikikosa bei yapanda, mwaka wakulima wakilima sana bei yaanguka wanaacha kulima. Jay Keasling na wenzake huko Berkeley wakaingiza jeni za mmea ndani ya hamira, na 2006 wakatangaza hamira yao inatengeneza asidi ya artemisini, hatua chache kabla ya dawa. Kufikia 2013 kampuni ya Sanofi ilikuwa inazalisha kwa wingi. Kila mtu wa fani akashangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Halafu bei ya artemisini ya mashambani ikashuka, ya hamira ikawa ghali zaidi, kiwanda kikasimama. Hamira ilifanya kazi sawasawa, jeni zilifanya kazi sawasawa, na soko likasema hapana. Wanafunzi wanaotaka kila kitu kiishie na ushindi hapa hununa. Mimi nasema bora, manake mkulima wa artemisini naye ni mtu, na wengine wako hapahapa Afrika Mashariki, na hakuna aliyewauliza.

Chanjo nayo. Zile mbili za malaria, RTS,S na R21, zote hutengenezwa ndani ya aina za hamira, na zote mbili zilijaribiwa sehemu kadhaa za Afrika na hapo Kilifi pia, saa moja kwa matatu kutoka hapa ukiwahi na dereva asiyesimama kila kichochoro. WHO ilipendekeza ya kwanza 2021 na ya pili 2023. Wako wazazi wa kaunti hii watoto wao walichanjwa kwenye majaribio na hawajui kwamba ni kazi ya hamira hizi za hadithi hii.

Na mbu wa kutengenezwa? Mmewaachilia huku?

Mbu wa jeni inayojisambaza yenyewe hawajaachiliwa Malindi wala Lamu. Mwaka 2018 watafiti wa London walionyesha kwamba ndani ya vizimba jeni kama hiyo inaweza kumaliza ukoo mzima wa mbu wa malaria kwa vizazi 7 hadi 11, majike wanakuwa tasa. Ndani ya vizimba. Kati ya kizimba cha London na kisima cha Barani hapa Malindi pana maswali mengi, na mimi binafsi naona watu wa Barani wakae mezani kabla ya mbu kufika, wasije wakaitwa baadaye kupewa soda na maelezo.

Bakteria anaweza kula plastiki za ufukweni?

Yuko mmoja, alitangazwa Japani 2016, alipatikana karibu na kiwanda cha kuchakata chupa upya, anakula plastiki ya chupa za maji. Watu wakachukua kimeng'enya chake, ile protini inayoikatakata plastiki, wakakinoa kiende haraka zaidi. Lakini plastiki si moja. Lile jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu likashushwa majini 2018, limevikwa kandambili kama 30,000 zilizookotwa, na kandambili si plastiki ya chupa hata kidogo, yule bakteria ukimpa kandambili atakufa njaa. Kwa hivyo endelea kuokota.

Lazima nijue hesabu? Mimi naipenda baiolojia kwa sababu haina hesabu.

Ah. Hili laniumiza kila mwaka.

Lazima. Lakini si hesabu ile ya kukutisha. Rudi kwenye tangi: maji yaliyomo yanabadilika vipi? Yanayoingia toa yanayotoka. Basi, ushaandika mlinganyo wa kwanza wa fani hii. Badili maji weka protini, mfereji weka jeni, matumizi ya nyumba weka kuoza kwa protini. Ukitaka boya, sema yanayoingia yapungue kadiri yaliyomo yanavyozidi. Kompyuta ndo itapiga hesabu yenyewe, kazi yako ni kusema nani anamwathiri nani na kwa kiasi gani. Wanafunzi wakifika mwaka wa kwanza wamekariri mitokondria ni jumba la nguvu la seli, nawauliza nguvu kiasi gani kwa sekunde, kimya. Sio kosa lao, hawajawahi kuulizwa "kiasi gani".

Kwa walio shule: wa KCSE, baiolojia, kemia, hesabu, na fizikia ukiweza, na wastani wa C+ ndo mlango wa digrii. Wa CBE, sinia skuli chukua njia ya STEM. Digrii yenye jina hili lenyewe ni nadra kwetu, wengi huingia kwa baiokemia, bayoteknolojia, hata kompyuta sayansi au hesabu tupu, halafu wanageukia huku kwa masta. Na wa kompyuta nawaambia wazi, mwakaribishwa sana, mara nyingi ni rahisi kumfundisha mtu wa Python, lugha ya kuandikia programu, baiolojia kuliko kumfundisha mtu wa baiolojia asiiogope Python. Wenzangu wengine hawakubali hili na tunabishana kila mkutano.

Siku ya labu iko vipi?

Iko polepole. Watu wadhani ni moshi na mwanga wa bluu. Ni kuhamisha matone ya maji kutoka kibomba hiki kwenda kibomba kile, matone madogo ambayo hata huyaoni, mara mia mbili, halafu kungoja. Leo unaandika DNA unayotaka kwenye kompyuta, unaituma kwa imeli kwa kampuni, wanakuchapia kwa senti chache za dola kila herufi, inafika kwa kuria kwenye kichupa kidogo inaonekana kama hakuna kitu ndani. Forodha wakiuliza ni nini unasema ni DNA, ndo foleni inaanza upya.

Unaiunganisha kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA anachobeba bakteria, unamtia bakteria, unampaka kwenye sahani yenye antibayotiki ili abaki tu yule aliyepokea plasmidi yako, manake ndani yake kuna kinga. Unalala. Asubuhi unakuta vidoadoa.

Au hukuti. Mimi nikiwa masta nilikaa wiki tatu sahani zangu nyeupe pe, hakuna doa hata moja. Nikabadilisha maji, nikabadilisha bakteria, nikaacha kulala, nikampigia mama simu nikamwambia nataka kurudi nyumbani nikauze viungo. Kumbe plasmidi yangu ilikuwa na kinga ya kanamaisini na mimi nilikuwa napaka sahani za ampisilini, antibayotiki nyengine kabisa. Nilikuwa naua kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe kila jioni, kwa uangalifu mkubwa. Wino wa kalamu ulikuwa umefutika kwa spiriti na nikabahatisha lebo. Siku hizi mwanafunzi wangu haingii labu kabla hajaapa mambo mawili: andika chini ya sahani, usiandike kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana; na ukiwa huna hakika na lebo, tupa.

Binti yangu atalazimika kukaa labu usiku?

Mara nyengine, ndio. Bakteria hawajui magharibi. Tumezoea kupanga wawili wawili, na vipimo vingi siku hizi mashine yachukua yenyewe hadi asubuhi. Kila mzazi anayeniuliza namwambia aulize chuo chenyewe swali moja kabla hajalipa karo: usiku mlango wa labu unafunguliwa na nani, na anarudi hosteli na nani. Chuo kisichokuwa na jibu kina tatizo kubwa kuliko la baiolojia.

Sina labu. Naweza kuanza nyumbani?

Waweza, na jikoni kwenu kushatosha.

Nyanya yangu alikuwa akikanda mahamri usiku, unga, sukari, iliki, tui, hamira, anafunika bakuli kwa kanga kuukuu. Miezi ya kaskazi, joto, hakungoja sana. Miezi ya kusi aliisogeza bakuli karibu na jiko na kusema "hamira ya leo ina uvivu." Hakuwa na saa. Alibonyeza kidole, shimo likirudi polepole alijua tayari. Huyo alikuwa na modeli kichwani, joto likiwa hivi muda utakuwa hivi, hakuiandika tu.

Wewe iandike. Chukua chupa nne za nusu lita, kila moja maji kikombe, sukari vijiko viwili, hamira kijiko kidogo, mdomoni vuta puto. Moja maji ya friji, moja ya mfereji, moja ya uvuguvugu, ya nne maji yaliyochemka na utie hamira yakingali moto moto. Kila dakika kumi zungushia puto uzi pale penye tumbo pana, pima uzi kwa rula, andika. Usiandike "imejaa", andika sentimita. Chora. Utaona mstari unaanza kama hautaki, halafu unapanda kwa kasi, halafu unalala. Jiulize kwa nini unalala: sukari imekwisha, au puto limekaza, au hamira imechoka na pombe yake yenyewe? Na utajuaje ni ipi? Ukifika kwa swali hilo la mwisho ushakuwa mtafiti na hujatumia hata shilingi mia tatu. Ukitaka kuendelea, rudia kwa maji ya bahari. Niambie hamira inafanyaje, mimi najua, sikwambii.

Hapa kwetu kuna nini cha kusoma? Si mambo yote yako Ulaya?

Umewahi kupita Gongoni ukaona mashamba ya chumvi? Maji ya bahari yanaingizwa kwenye vidimbwi, jua linakausha, chumvi inazidi kukolea. Maji yakikolea hivyo, sehemu nyingi duniani huwa ya waridi au mekundu, na rangi hiyo ni viumbe hai, mwani mmoja na viumbe vidogo ambavyo jina lao lasema bakteria lakini si bakteria, ni kundi jengine kabisa linaitwa arkea. Wanaishi kwenye chumvi ambayo ingekuua wewe, na wana protini kwenye ngozi yao inayotumia mwanga wa jua kusukuma chaji nje, kama sola.

Mmoja wao, Halobakteriamu, ni nyota wa baiolojia ya mifumo. DNA yake yote ilisomwa mwaka 2000, kama herufi milioni 2.6, na watafiti wa Seattle 2007 wakatoa modeli inayotabiri jeni zake zitafanya nini akibadilishiwa mazingira, hata mazingira ambayo hawakumjaribu nayo kabla. Seattle, mvua kila siku. Na wenye jua na chumvi ni sisi.

Wakija kuchukua hao viumbe, mali ni ya nani?

Swali zuri, na lina historia. Viumbe vya maziwa yetu ya magadi kule Bonde la Ufa vilichukuliwa miaka ya tisini, vimeng'enya vikatoka huko vikatumika ng'ambo kufifisha jinzi, na 2004 KWS, shirika la wanyamapori, wakajitokeza kudai fungu la nchi. Toka hapo kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010 na Kenya imo: mtu akitaka kuchukua kiumbe aombe ruhusa kwanza na waelewane mgao. Tatizo jipya ni kwamba siku hizi mtu hahitaji kubeba kiumbe. Anasoma DNA, anaituma kama faili, mwengine anaichapa upya upande wa pili wa dunia. Utamsimamisha vipi forodhani mtu aliyebeba herufi? Nchi bado zinavutana juu ya hili na nikiwa na mwanafunzi wa sheria anayetafuta mada nampa hii bure.

Na mahindi ya GMO?

Si kazi yangu lakini sawa. Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012, baraza la mawaziri likaondoa Oktoba 2022, kesi zikaenda mahakamani. Utafiti wowote wa viumbe vilivyobadilishwa jeni, hata hamira yangu, unasimamiwa na mamlaka ya usalama wa kibayolojia, NBA, chini ya sheria ya 2009. Fomu zao ni ndefu. Nazilalamikia kila mara na nisingetaka zifutwe.

Kazi zipo?

Zipo chache, sitakudanganya. Taasisi za utafiti kama KEMRI, ICIPE na ILRI, vyuo, labu za hospitali, viwanda vya vyakula na vinywaji, na kazi za kuchambua data za jeni ambazo mtu anafanya akiwa popote penye intaneti na stima isiyopotea. Anayefika na karatasi tu anahangaika. Anayefika akijua kupima, kuandika programu na kusema "hili sikulielewa" huwa anapata, wakati mwengine baada ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani akiulizwa na mashangazi.

Nikishafanya hilo la maputo nikuletee wapi?

Desemba niko Malindi, baada ya alasiri huwa barazani kwetu na kahawa. Njoo na daftari, si picha ya simu. Na puto likipasuka andika pia saa ngapi lilipasuka.